Koti Linarudi Kwao

Nililikuta Owino, chini kabisa ya bunda,
zito kama mtoto aliyelala,
rangi ya majivu, vifungo vinne, cha tano hakipo.
Muuzaji akataja elfu themanini.
Nikamwambia, ndugu yangu, na jua lote hili,
nani atakupa themanini kwa blanketi lenye mikono?
Tukamalizana thelathini na tano.

Bombo, usiku, nikalilaza mezani.
Mimi ni fundi; nguo hunisimulia mwenyewe.
Huyu alikuwa mwanamume, bega la kulia limeshuka,
kuna kitu alikibeba upande huo miaka mingi.
Viwiko vimelika kwa kuegemea.
Na mfuko wa ndani, penye tundu,
kikaratasi kimejipenyeza hadi kwenye bitana,
herufi zetu zilezile, ila zimeota mikia na vidoti.

Nikamwita Kaltuma: hebu soma.
Miezi minne ya masomo ya jioni; akasoma
kidole kikitangulia, kama alivyosoma juzuu akiwa mdogo:
“Tiketi. Mtu mmoja. Kwenda tu.
Na hili sijui.”

Milioni kumi na nne zimekwenda.
Cherehani ya pili imekwenda,
na kiwanja nyuma ya jiko la bibi
tulipokuwa tukibandua karanga.
Mara tatu basi la usiku hadi Nairobi kuomba viza,
mara mbili akarudi na “subiri” ndani ya bahasha.
Barua ya polisi, kwamba si mhalifu.
Picha ya kifua, kwamba hakohoi.
Dada yangu amepimwa kila kitu
isipokuwa hofu.

Kazi ni kupanga uyoga kwenye visanduku.
Ndivyo mkataba wa Poland unavyosema:
zamu ya usiku, chumba cha watu sita,
joto linakatwa kwenye mshahara.
Joto! Mama alicheka mpaka akakaa chini.
“Huku tunalikimbia, huko wanaliuza?”
Na uyoga, akasema, si huota wenyewe
mvua ikinyesha, pale kwenye kichuguu?
Lini uliomba zamu?
Kisha siku ile hakucheka tena.

Simama wima, Kaltuma.
Nikapunguza mabega, nikapandisha mikono,
nikaziba tundu la mfuko kwa kipande cha leso ya mama.
Katika maandishi yake zilibaki herufi nne, MUNG,
ya mwisho ilikwenda na mkasi.
Hakuna atakayeziona,
labda vidole vyako vikitafuta joto la bure.
Kifungo cha tano nikaweka chekundu.
“Kwa nini chekundu?”
Nikasema ndicho kilichokuwepo.
Kopo langu lina vifungo mia mbili vya kijivu.
Nilitaka tu, siku mtu akituuliza simuni,
“alivaa nini?”,
niwe na jibu.

Entebbe, mizani ikasema kilo mbili zimezidi.
Kopo la simsim ya kusaga haligusiki.
Biblia ya rafiki yake Anyango, nayo haigusiki,
amana ni amana, hata kwa Mwislamu.
Vikatoka viatu, pea mbili,
na koti akalivaa mwilini, lisipimwe.
Saa nane mchana. Jasho likamshuka shingoni,
watu wakamtazama kama mgonjwa wa homa.

Koti lenyewe lilikuwa limetulia.
Lilikuja huku ndani ya bunda, limefungwa kwa waya,
hakuna aliyelidai barua ya polisi,
hakuna aliyelipiga picha ya kifua.
Sasa linarudi kwao,
na ndani yake mgeni.

Akageuka mara moja, kwenye kioo.
Sikuuona uso, mwanga ulikuwa unapiga vibaya.
Niliona nukta nyekundu.

Nikafika Bombo usiku, viatu mapajani.
Mama akavipokea, akavipangusa vumbi kwa kiganja,
akavipanga mlangoni, ncha zikitazama nje.
“Sasa huko,” akasema, “atatembea na nini?”