Taarifa ya Matumizi ya Ngazi

Mhasibu wa chuo aliuliza mara tatu:
ngazi ya nini, kwenye utafiti wa hadithi?
Daktari Aikande Mlay hakuinua macho.
"Wakonyingo wana ngazi za kupandia mbinguni.
Tukialikwa, tusiende mikono mitupu."
Mhasibu akagonga muhuri, shingo upande,
na mimi, msaidizi, nikaibeba ngazi begani
kutoka stendi ya Moshi hadi Mbokomu,
watoto wakinifuata, wakiuliza
ni paa la nani limevuja.

Tulikuwa na dodoso la maswali arobaini na moja.
Swali la saba: Je, mnalala mmesimama?
Maana hapo wataalamu wamegombana miaka,
hawa wakisema huegemea ukuta,
wale wakisema huchuchumaa kama kuku wa baridi,
na profesa mmoja, mpaka anastaafu,
hakumwamkia mwenzake
kwa ajili ya tanbihi moja.

Mama Anaeli alitupokea kihambani,
akatupa debe kila mtu. "Chumeni kahawa kwanza.
Mdomo wangu haufunguki mbele ya mikono iliyo mifukoni."
Jioni, akichambua maharage, alisema tu:
vichwa vyao vizito. Akianguka mmoja, hainuki.
Hupuliza baragumu, akangoja.
"Humngoja nani?"
"Mwenye adabu."
Akarudi kwenye maharage yake.

Siku nne, patupu.
Kinasa sauti kilinasa mfongo ukipita,
kikanasa mbega, kikanasa Daktari akikoroma
(nikafuta, kisha nikajuta).
Usiku wa tano, ukungu umeshuka hadi kwenye masale,
ikasikika baragumu nyembamba,
kama mbu aliyesomea muziki.

Tulimkuta ukingoni mwa mfongo, chali,
mfupi kuliko pipa la mbege,
kichwa kama boga lililosahauliwa shambani,
ndevu zimelowa, hasira tele.
Daktari akatoa utepe wa kupimia.
Miaka kumi na minane akiusubiri usiku huu!
Mkono ukamtetemeka.
Naye akasema, kwa mizani kamili, kama barua ya posa:

    Kichwa changu ni kizito, kimejaa ya zamani,
    Nimeanguka kitoto, miguu iko hewani,
    Kipimo hiki si kito, kifungie mkobani,
    Kwanza niinue, dada, maswali na yasubiri.

Utepe ukadondoka majini,
ukaenda zake, mita zote tatu, kuelekea mjini.
Daktari akamwinua
kama unavyomtoa mtoto kwenye beseni,
shingo kwanza.

Aliposimama alijipangusa magoti, akadai dodoso,
akalisoma lote kwa mwanga wa mwezi,
akitikisa kichwa polepole
(kwa haraka angeanguka tena).
"Swali la saba mmelikosea," alisema.
"Hamkuuliza tunaota nini."
Hata hivyo akatia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa:
alama ndogo, punje ya ufuta.
Daktari akachuma jani la isale,
akampa kwa mikono miwili.
Akalipokea. Sijui tulisamehewa kosa gani;
labda yote arobaini na moja.

Asubuhi ngazi haikuwepo.

Ripoti yetu ina kurasa sita.
Ya tano ni tupu, isipokuwa ile punje.
Penye uzito, Daktari ameandika:
kama mtoto aliyekataa kulala.
Chanzo: mikono yangu.
Jarida limeirudisha mara mbili.

Mhasibu naye anataka risiti, anataka ngazi,
anataka kunipeleka mbele ya kamati.
Nimemjazia fomu yake, kwa wino mweusi, bila uongo:
Ngazi, moja. Vidato kumi na viwili.
Hali: inatumika.