Mbweu za Zizi la Kumi na Nne

Saa kumi na moja alfajiri, kusini mwa Alberta,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
Susana Banman anawasha gari la kuchanganyia,
injini inakohoa mara mbili kabla ya kukubali.
Shayiri. Saileji ya mahindi. Molasi, nyeusi,
inayodondoka kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa.
Kisha ule unga.

Umekuja ndani ya ndoo yenye namba badala ya jina.
Kwa kila ng'ombe ni chembe tu, kiasi cha chumvi
ambayo mpishi mchoyo angetia kwenye sufuria ya harusi.
Anapima. Anapima tena.
Mizani ya hapa ni kali kuliko ya watunga tenzi:
gramu ikizidi, siku nzima inafutwa daftarini.

Watu wa mjini hudhani gesi hutokea nyuma.
Susana huwacheka hadi miwani ipate ukungu.
"Ni mdomoni," husema, "kama maneno."
Ng'ombe hula, hucheua, hutulia,
halafu mbweu.
Humo tumboni, kwenye pipa la kwanza kati ya manne,
vijidudu vinafanya kazi bila likizo tangu kabla ya Adamu,
vinaokota hidrojeni, vinaifunga, vinaitupa nje.
Unga unaingia na kuvishika mkono.
Hauviui. Unavishika mkono,
na baada ya saa chache unachoka, unaachia,
ndiyo maana kesho alfajiri, tena, injini.

Kitendawili.
    Tega.
Hana mguu, hana mwili, katoka tumboni kaketi juu ya paa la dunia.
    Moshi?
Siyo. Nipe mji.
    Nakupa Lethbridge, na upepo wake usiolala.
Upepo huo baki nao. Ongeza.
    Nakupa Calgary.

Mumewe, Isbrand, kazi yake ni kwenye visima vya gesi,
anaivuta methani hiyohiyo chini ya kwato za ng'ombe haohao.
Yeye analipwa ili itoke, mkewe analipwa ili isitoke.
Jioni hukaa mezani, jiko likiwaka buluu
chini ya supu ya maharage,
na mara moja mtoto aliuliza nani kati yao anashinda.
Isbrand alimpitishia mkate.

Zizini kuna kibanda chenye pua.
Ng'ombe akiingiza kichwa kufuata tembe tamu,
kibanda kinamnusa, kinahesabu, kinanyamaza.
Namba 4417, dume mwekundu mwenye sikio lililochanika,
huenda mara nane kwa siku, kwa ulafi mtupu,
na kwa ulafi wake sayansi imepata grafu nzuri.
Dakta Sekhon aliionyesha juzi: mstari unashuka.
"Theluthi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuiamsha.
Vandermeer, mwenye zizi, alivua kofia, akaivaa.
"Na bei ya nyama," aliuliza, "inajua habari hizi?"
Hakuna aliyejibu.
Dakta mwenyewe ndiye aliyeongeza lile jingine:
kwamba hawa wamefika hapa wakubwa tayari,
kwamba miezi yao mingi waliimaliza malishoni, kwenye nyasi,
na malishoni hakuna Susana, hakuna ndoo.

Machi lori lilikuja. 4417 alipanda bila ubishi,
akitafuta huko ndani kibanda chenye tembe.

Leo Susana amezima injini kati ya zizi la kumi na nne
na la kumi na tano, lile lisilopewa unga.
Kunapambazuka. Pumzi za ng'ombe zinapanda nyeupe
kushoto, nyeupe kulia, nguzo mia mbili za mvuke,
naye anakaza macho kutafuta tofauti.
Hakuna. Huo ni mvuke wa maji tu.
Kilichopungua hakina rangi, na kilichobaki pia.

Anamimina kahawa ya mwisho ya chupa, anainywa kwa pupa,
anapiga mbweu, ndefu, ya kifua kizima,
anageuka kuangalia nyuma.
Hakuna aliyeiandika.