Kwa Mnunuzi wa Mayai

Usizime pikipiki, Ambakisye.
Leo trei ni moja, si tatu,
na hiyo moja ina mashimo sita.
Au zima, uingie jikoni uote moto,
najua baridi ya Isyonje imekula vidole vyako.
Nikueleze.

Ilianza kwenye chai.
Miaka thelathini na moja nimechuma,
majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi,
vidole vikienda vyenyewe kama vya msusi.
Kisha karani wa mizani akamwaga kikapu changu
mbele za watu:
"Mama Tumpale, haya magumu ni ya ng'ombe."
Nikainama niyaone.
Niliona kingo za turubai, niliona viatu,
na katikati, pale pale nilipotazama,
kipande cha ukungu wa Rungwe
kilichogoma kuondoka na jua.

Uzee, nikasema. Kila mtu akasema uzee.

Gwamaka alipoleta mwanawe wa kwanza
niliona masikio, mawili, mazuri,
niliona kofia ya sufi.
Pua ilikuwa wapi?
Nikasema, kafanana na babu yake.
Nilidanganya, Ambakisye.
Babu yake alijulikana kwa pua.

Daktari wa macho kule Mbeya ni binti mdogo,
viatu vyake vinalia sakafuni.
Alinipa karatasi ya miraba;
mistari ya katikati ikalegea
kama kamba ya kuanikia nguo.
Umri hakuuliza. Aliuliza, "Unalima nini, mama?"
Nikajinyoosha. Hilo nalijua.
Mchicha, nikasema. Majani ya maboga.
Figiri chini ya migomba, karoti matuta manne,
miparachichi miwili inayovunjika matawi kwa uzito.
Kuku kumi na wanne.
"Na jana ulikula nini?"

Mvua ilinyesha muda mrefu juu ya lile bati.

Ugali, nikasema, na mchuzi wa maharage bila maharage.
Chai ya rangi, sukari vijiko vinne.
Kwa sababu mchicha ni wa gari la alfajiri,
karoti ni za hoteli,
parachichi ni ada ya Tumpale,
ingawa Tumpale kamaliza shule mwaka wa tisa huu,
na mayai ni yako.
Wako watu huko mjini
wanasoma gazeti bila miwani kwa jembe langu.

Siku ile sikucheka. Nacheka sasa.

Hakunipaka asali, yule binti.
Kilichokwenda kimekwenda, alisema, mboga haifufui;
tunalinda kilichobaki.
Akasema ndani ya jicho kuna doa dogo la njano
na kinacholilisha ni kijani.
Mwenzangu wa foleni alitikisa kichwa, haamini.
Mimi niliamini. Kijani kugeuka njano
nimekuona kwenye ndizi tangu nizaliwe.

Basi ndiyo hivyo.
Mayai mawili yanabaki, kila siku ya kuku kutaga.
Majani ya maboga nayatia karanga za kusaga,
Jumamosi usipa wa Kyela, na vichwa vyake.
Sukari kijiko kimoja,
na siku nyingine nahesabu vibaya, Mungu anisamehe.
Shambani navaa kofia ya marehemu, pana kama ungo.
Mwezi wa sita narudi kwa miraba.

Ukungu haujatoka. Haujaongezeka pia.

Jana mtoto alikaa mapajani.
Nikageuza uso kando kidogo
kama kuku anavyotazama punje,
nilifundishwa hivyo,
na pembeni mwa ukungu, taratibu,
pua ikatokea.
Ambakisye, ni ya babu yake kweli.

Haya, beba trei yako.
Ishirini na nne.
Usihesabu tena, nimeyapapasa yote.