Eneo la Wazi

Viwanja elfu moja mia mbili na kumi na vinne,
na mimi ndiye niliyevipaka rangi.
Njano kwa makazi, nyekundu kwa maduka,
buluu kwa shule, zambarau kwa karakana.
Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la pembejeo, Tabora mjini,
feni imekufa, karatasi zimekandamizwa kwa kokoto za reli.

Mwenye mradi aliitwa Melkiori Ntahomvukiye.
Karani wa ardhi alilikosea jina hilo mara tatu,
kila fomu na kosa lake.
Kwa Kirundi, aliniambia akicheka,
ni kama kusema: sina nilikozaliwa.
"Sasa mtu wa jina hili akiomba hekta mia tatu,
wewe ungempa?"

Alivushwa mpaka mgongoni, mwaka wa sabini na mbili,
akakulia Ulyankulu, mahali palipopigwa kamba na wageni:
barabara nyoofu, msitu umesukumwa nyuma,
familia hii hapa, familia ile pale,
tumbaku, mizinga, kanisa.
Kila kitu kilipewa mahali pake isipokuwa maiti.
Maana wakubwa walikuwa wakisema: tuko njiani.
Na aliye njiani hachimbi kaburi, anachimba shimo.
Baba yake alizikwa hivyo, kwa muda,
nyuma ya jiko, ubavuni mwa mihogo,
na huo muda
haujaisha.

Basi siku ya kwanza ya kazi,
kabla ya barabara, kabla ya kisima, kabla ya lango,
Melkiori alininyang'anya penseli
akakizungushia duara kilima kidogo upande wa Itetemia,
penye miombo ambayo wachoma mkaa hawakuifikia.
"Hapa makaburi. Haya, endelea."

Benki wakasema: toa.
Nani atakopa kwa miaka ishirini akitazamana na misalaba?
Watu wa matangazo wakasema: weka bwawa la kuogelea.
Afisa Mihambo, asiye na neno baya na mtu,
akasema: ndugu yangu, mji hauanzi na hilo.
"Wenu hauanzi," akajibu, "kwa kuwa nyinyi mlishaanza zamani.
Makaburi yenu yapo. Yanawajua mpaka majina ya utani."

Nikapaka kijani.
Nikaandika kwa herufi ndogo: eneo la wazi.
Benki wakatia saini.
Usiku ule usingizi ulinipaa; ramani haitakiwi kusema uongo,
ingawa sijaona ambayo haijawahi.

Novemba, baada ya mvua mbili, mama yake alikuja kukagua,
Mama Skolastika, na mwavuli wa kanisani.
Akapita nyumba ya mfano bila kuketi:
vigae, jiko la gesi, bomba la mvua.
"Vizuri, vizuri," kama anayemsifu mtoto wa jirani.
Kisha akapanda kilimani, hakuna aliyemwelekeza,
akauchokonoa udongo kwa kisigino,
akaufikicha, akaunusa.
"Mwepesi," akasema. "Vijana hawatachoka."
Akauliza maji yako kina gani.
Akauliza habari za mchwa.
Akauliza, kwa sauti ya sokoni,
cha kona ni bei gani.

Mwanawe alikuwa ametupa mgongo,
anahesabu bikoni
ambazo tulikwisha kuzihesabu asubuhi.