Sababu ya Kuondoka

Nywila ilikuwa jina la ng'ombe.
Niliikuta nyuma ya daftari la chai,
chini ya kilo za Machi, kwa penseli:
Mbalamwezi, na mwaka alipozaa mara ya kwanza.

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi, inakaa tu.
Siku ya tatu sasa iko juu ya bati
na Rungwe hatujauona tangu arobaini.

Nikafungua.
Elfu tatu mia mbili na kumi na saba
hazijasomwa.

Kumbe wapo ambao habari haikuwafikia.
Mpendwa Anyosisye, hongera!
Anyosisye, hii ni nafasi ya mwisho.
Anyosisye, wanaume wa umri wako wanaficha siri hii.
Mjane wa jenerali, nchi haitajwi,
ana dola milioni nne na saratani ya koo,
na kati ya watu wote duniani amemchagua baba yangu,
karani wa mizani kwenye banda la chai, Katumba,
amtunzie.
Mkopo kwa dakika tano. Meno meupe.
Safari ya meli siku saba, chakula bure,
kwa mtu aliyeliogopa hata Ziwa Nyasa
akiwa amesimama mchangani Matema.

Nikaanza kufuta.
Nilifuta kama anayechambua maharage usiku,
kidole kinajua, jicho limeshachoka.
Mia. Mia tano. Bando likakata, nikanunua jingine,
nikarudi na hasira,
maana waliomjua walikuja msibani na ndizi na kuni,
hawa wamekuja na punguzo.

Nyingine zina mlango mdogo chini kabisa,
kwa herufi za sisimizi: jiondoe hapa.
Nikabonyeza. Pakauliza:

Tunasikitika kukupoteza.
Tuambie sababu ya kuondoka.
Mnaniandikia mno.
Sikuwahi kujiandikisha.
Sihitaji tena bidhaa hizi.
Nyingineyo.

Nilikaa na hiyo Nyingineyo mpaka chai ikapoa.
Kisanduku kilitoa nafasi ya herufi mia moja.
Nikaandika: moyo, saa kumi alfajiri.
Nikafuta.

Kisha nikaenda kwenye zilizotumwa.
Nne tu, kwa miaka yote ile.
Tatu za maparachichi, kwa mnunuzi wa Njombe asiyejibu.
Ya nne kwa mjane wa jenerali:

"Ugonile mama. Pole kwa msiba na maradhi.
Nadhani umekosea mtu, mimi akaunti yangu ni ndogo.
Lakini huku kwetu mgonjwa haachwi peke yake.
Tafuta jirani akukorogee uji, usione haya.
Ndaga. Ni mimi, A. Mwakibibi."

Nilicheka hadi mama akaita kutoka jikoni, kuna nini?
Nikasema hakuna, ni matangazo.

Ikabaki moja.
Huja kila Jumanne, ya duka la viatu:
Anyosisye, umesahau kitu kwenye kikapu chako.
Nikaingia kikapuni.
Buti za mvua, za kike, namba thelathini na tisa,
rangi ya zambarau, jozi mbili zimebaki.
Alizitia humo Februari. Hakulipia.
Sijui alikuwa akingoja bonasi ya chai
au hakujua pa kubonyeza,
na mimi nilikuwa Mbeya mjini, mwendo wa saa moja na nusu,
simu yangu ikiwaka muda wote.

Nje mama anavuka uwanja kwenda kwa Mbalamwezi,
debe la pumba kichwani.
Tope linamvua kandambili ya kushoto.
Anarudi, anainama, anaichomoa, anaivaa.

Ile sikuifuta.
Leo ni Jumatatu.