Siku Kumi Tavira

Tumeuza mikaratusi ya Vurra, yote, hata ile iliyopinda,
na Onzima ameifuta meza mara mbili
kabla ya kuniruhusu niweke fomu.
Meza, anasema Ayikoru, ni neno la Wareno.
Leso pia, hii niliyofungia pesa za mnunuzi.
Na karata. Na bendera. Na gereza,
ambalo kwao, kumbe, lilikuwa kanisa.
Binti wa dada yangu anafundisha Kiswahili hapa Mvara
na hajui kunyamaza.
Basi tunakwenda Ureno kuwarudishia maneno yao, nasema,
ila leso narudi nayo.

Mama Ejua kaja kuazima ungo, kasikia.
Nani kafariki huko?
Hakuna.
Nani mgonjwa?
Hakuna.
Mmepata kazi? Kulea wazee wa Kizungu?
Hatuna kazi, tunakwenda kukaa.
Kukaa!
Kwenye jua, Onzima akaongeza, akaharibu kila kitu,
maana ilikuwa Februari, bati la jikoni likilia pa, pa kwa joto,
na mbwa kahamia chini ya tangi la maji.
Jua, akasema Mama Ejua. Mnapanda ndege kulifuata jua.
Kicheko chake tulikisikia mpaka kwenye kona.
Ungo kausahau.

Madhumuni ya safari, fomu inauliza.
Kuna vijisanduku: utalii, biashara, masomo, matibabu.
Nimevuka mpaka mara mbili maishani
na hakuna aliyeniuliza madhumuni.
Mwaka wa themanini nilivuka usiku,
sufuria kichwani, Onzima mbele na baiskeli isiyo na tairi,
mbuzi tumemfunga mdomo kwa katani asitusaliti.
Mara ya pili ni kurudi, miaka sita baadaye,
kwa miguu vilevile.
Sasa nataka kuvuka mchana.
Nataka sanduku la magurudumu, lile la kelele,
likwaruze sakafu ya Entebe yote
watu wageuke waone
kwamba napita, na sikimbii.

Ukurasa wa tatu wanataka uthibitisho kwamba tutarudi.
Onzima kaleta hati ya shamba, barua ya paroko,
kadi ya kliniki ya macho,
na picha ya ng'ombe wawili, majina yameandikwa nyuma.
Mimi nautazama ukuta huu.
Tuliporudi mwaka ule, mpera ulikuwa umeota humu ndani,
hapa ilipo meza,
umenyoosha shingo kutokea pale mabati yalipong'olewa.
Tulilala chini yake wiki tatu kabla ya kuukata.
Ulikuwa na matunda. Tuliyala.
Pera nalo ni neno lao, Ayikoru akaanza,
nikamwambia, mwanangu, leo basi.
Hatukuwa na hati. Hapakuwa na nyumba ya kurudia.
Tukarudi.
Hilo nitaliandika kwenye kisanduku kipi?

Wanadhani naifuata bahari.
Bahari sijui kuogelea.
Niliona picha kwenye simu: nje kidogo ya Tavira,
mashamba ya chumvi, vilima vyeupe vimeachwa wazi
bila kufuli, bila mlinzi,
na mwanamume mmoja mwenye reki, hana haraka.
Kule Ariwara chumvi tulipimiwa kwa kifuniko cha soda.
Kifuniko kimoja, kulima kutwa.
Siku moja nilikilamba kile kifuniko mbele za watu.
Nataka kusimama pale asubuhi moja kati ya hizo kumi.
Sitanunua. Sitaomba.
Nitatazama mpaka macho yaume,
halafu twende tukanywe chai.

Usiku umeingia, Onzima bado anaandika orodha,
ulimi nje kama mtoto wa darasa la pili.
Unga wa muhogo, nasema. Simsim ya kusaga. Dengu kidogo.
Na chumvi? anauliza.
Namtazama.
Anaikata kwa mstari, polepole, kwa rula.