Hazama ya Struan

Ana miezi kumi, mweusi tii, na mshipi mweupe kiunoni
kama mtu aliyejifunga taulo akasahau kuvaa nguo.
Ndivyo walivyo ng'ombe wa huku Galloway,
ila huyu amekuwa akinisukuma langoni kwa paji la uso
tangu Januari, nami ninacheka,
na Wilma Carruthers, mwenye ng'ombe, hacheki.
"Mwakani atakusukuma hivyohivyo," anasema,
"akiwa na kilo mia sita."

Basi leo, kabla nzi hawajaamka,
baridi ya Machi bado imeng'ang'ania bati,
tumemwingiza kwenye kibano cha chuma,
hatamu kichwani, kamba imezungushwa nguzoni
kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja,
maana mnyama akianguka huna muda wa kutafuta kisu.

Daktari Gilchrist hana haraka.
Anachoma ganzi, anatazama saa,
anazungumzia mvua, paa la kanisa la Dalbeattie, goti lake.
Nangoja mimi, inangoja pua.
Kisha anaingiza kidole gumba na cha shahada,
kimoja kila tundu, anapapasa:
hapa gegedu, gumu, hapaguswi;
hapa mbele, laini kama ndewe,
hapa.

Skrubu ya pete ameibana midomoni,
ndogo kama punje ya ufuta,
na hapo ndipo nilipomwona bibi yangu.

Bi Zume wa Pangani naye alibana kipini midomoni
huku akinisema mimi, akimsema mama, akiisema bei ya mchele,
mkononi mwiba wa mdimu uliochemshwa.
Ganzi haikuwapo. Lilikuwapo goti lake begani mwangu
na maneno matatu: "Tulia, mwanangu, unapambwa."
Nilimng'ata.
(Hilo sijamwambia Wilma,
aliyesimama kando, mbali na kichwa, asije akabanwa.)

Koleo limebana. Sauti yake ndogo,
kama mtu kuuma tango.
Struan kapepesa macho. Basi.
Damu tone moja, la pili likasita.
Pete ya shaba imejikunjua kwenye bawaba, imepita, imefumba,
na skrubu
imeanguka.

Watu wazima watatu tumepiga magoti kwenye nyasi kavu
mbele ya fahali, kama washenga waliosahau mahari.
Nimeiona mimi, inang'aa jirani na kwato.
Nimeivuta kwa kijiti. Mkono wangu bado naupenda.

Daktari ameikaza, ameivunja shingo, amepiga tupa
mpaka kidole cha Wilma kikapita bila kukwaruzwa.
"Wiki tatu msiivute, hata kwa mzaha.
Na ikipona, mshikeni kwa hatamu;
pete iwe neno la mwisho, si la kwanza.
Wala msiseme sasa ni mpole.
Ni fahali mwenye pete."

Mimi changu nilikivua Glasgow, kiwandani, mwaka wa kwanza.
Msimamizi alinionyesha kisanduku cha plastiki,
akaandika jina langu, akalikosea.
Siku ile walipofunga kiwanda sikukidai.
Tundu limesinyaa, halijaziba:
upepo wa huku hupenya hapo, mwembamba kama uzi,
nami hujua ni upande gani wa uso wangu unaotazama kilima.

Jioni nampelekea maji.
Anainamia ndoo, shaba inagonga bati,
anaruka nyuma, anaitazama ndoo kwa hasira.
Kisha anatoa ulimi, mrefu, wa kijivu,
anaupeleka tundu la kulia, tundu la kushoto,
anaikuta, anaiacha, anairudia.
Safari hii sijaingia ndani.
Nimesimama ng'ambo ya lango, komeo limefungwa,
na kidole changu kimepanda puani
bila kutumwa.